Mkebe wa Sita

Shida yangu ilianza mwaka 1993, nikiwa na miaka arobaini na mmoja. Kabla ya hapo nilikuwa maskini, lakini umaskini nilikuwa nimeuzoea. Shida ni kitu kingine. Shida ni kuamka asubuhi una nguvu zako, una kazi unayoijua kuliko mtu yeyote kisiwani, halafu uambiwe kazi yenyewe haitakiwi tena.

Nilikuwa nikibeba sinema kwa baiskeli. Wajukuu zangu nikiwaambia hivyo hucheka, basi nitaeleza. Filamu ya Kihindi ilikuja katika mikebe ya bati, mviringo kama sinia, na kila mkebe ulikuwa na rili moja. Filamu nzima ilikuwa rili kumi au zaidi. Nakala iliyoletwa mjini ilikuwa moja tu, na thieta mbili zikaigawana. Ile ya upande wa pili wa mji ilianza saa tisa mchana. Yetu, hapa Makadara, ilianza saa kumi. Rili ikimalizika kule, mimi naifunga kwenye kariya ya baiskeli, naileta huku. Naiweka, nageuza, narudi kuchukua nyingine. Hivyo mpaka mwisho wa filamu, mvua inyeshe, jua liwake. Watu mia kadhaa wamekaa gizani wanataka kujua kama bwana harusi atapona, na anayejua ni mimi, na niko njiani natoka jasho. Nimesoma mpaka darasa la pili. Lakini hakuna karani hata mmoja mjini aliyewahi kungojewa kama nilivyongojewa mimi.

Thieta ile aliianzisha Mzee. Alianza kwa kutundika shuka nyeupe kwenye ua wa nyumba ya watu, akakodi mashine, watu wakaja na mikeka yao. Mpaka akajenga jumba. Alikuwa na desturi zake. Wimbo ukiwapendeza watu wakipiga kelele "Tena", filamu husimamishwa, rili ikarudishwa nyuma, wimbo ukapigwa upya. Mzee mwenyewe hupanda ngazi kwenda chumba cha mashine kutoa amri, hata alipokuwa na magoti mabovu. Na Jumapili alasiri ilikuwa ya wanawake peke yao. Siku hiyo huweka kiti chake nje ya mlango akakaa yeye, na mwanamume mwenye shauri na mkewe amwambie Mzee, Mzee atume mtu ndani.

Alikufa mwaka huo nilioutaja. Thieta ikaingia mikononi mwa mpwa wake, aliyetoka Nairobi alikokuwa akifanya kazi ya ofisi. Sisi tukamwita Meneja, kwa sababu ndivyo alivyoandika mlangoni.

Meneja alifanya mambo mengi kwa muda mfupi. Akatoa viti vyote, akaleta vipya. Akatia feni. Akaziba paa. Halafu akakata nyimbo. Nasema kweli, alikuwa akimwamuru fundi wa mashine aziruke, ili filamu iishe mapema na watu wengine waingie. Jumapili ya wanawake akaigeuza ikawa ya filamu za karate. Na mikebe yote akaiandika namba kwa rangi nyekundu, kubwa, hata mtu aliyeko ng'ambo ya barabara angeisoma. Mzee hakuwahi kuandika namba. Sisi tulikuwa na utaratibu wetu: kule kwenye thieta ya pili, mkebe ulio karibu na mlango ndio wa kwenda. Basi.

Mji ukagawanyika. Nikisema mji, nasema baraza ya kahawa iliyokabili thieta, maana kwetu ndiyo iliyokuwa mji. Tulikuwa watu wa Mzee na watu wa Meneja. Watu wa Mzee tulikuwa mimi, fundi cherehani mmoja mwenye sauti kama adhana, na mama aliyeuza viazi vya karai pale mlangoni. Watu wa Meneja waliongozwa na karani wa reli, mtu wa bara, Mkristo, ambaye hakukosa sinema hata mara moja na alijua Kihindi cha nyimbo kuliko sisi sote.

"Mzee aliijenga thieta hii kwa mikono yake," fundi huanza.

"Ndiyo maana ilikuwa ikivuja," karani hujibu.

"Lakini ilikuwa na heshima."

"Ilikuwa na kunguni, fundi. Miaka yote hiyo nikirudi nyumbani, mke wangu ananisimamisha mlangoni anakagua shati kabla sijaingia. Mzee alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Kunguni wake je?"

"Hao walikujua wewe tu, baba," husema mama wa viazi, mikono kwenye unga. "Sisi hawakutugusa. Waliona mgeni."

Watu hucheka mpaka kahawa ikamwagika. Na karani naye hucheka, kisha huja juu tena.

"Sawa. Lakini sasa choo kinatumika, ndiyo au siyo?"

"Nimekwenda sinema kutazama choo?" fundi humuuliza. "Filamu ya Kihindi bila nyimbo ni kitu gani, nambie. Mtu yuwalia, halafu yuwaoa, halafu yuwapigwa risasi. Nimekosa nini mimi nipewe habari mbaya tupu?"

Nilikuwa nikingoja wakati huo kusema langu. Nilikuwa na kelele kuliko wote, na sababu waliijua. Meneja alikuwa ametangaza kwamba baada ya Idi ataacha rili, ataleta mashine ya video. Kanda moja, ndogo kama kitabu, inakaa mfukoni. Kanda haihitaji baiskeli. Wenzangu walikuwa wakitetea jina la Mzee. Mimi nilikuwa nikitetea jina la Mzee na chakula cha watoto wanne, na sioni aibu kulisema.

Usiku mmoja baada ya kufuturu, siku chache kabla ya Idi, tulikuwa tumepamba moto, nami nimesimama nasema kwamba Meneja hajui sinema hata kidogo, angepewa duka la misumari. Nikaona macho ya wenzangu yamehamia begani kwangu. Nikageuka. Meneja amesimama nyuma yangu, kikombe cha kahawa mkononi.

"Salaam aleikum," akasema. "Endelea."

"Nimemaliza," nikasema.

Akaketi. Akanywa kahawa yake taratibu, akaagiza nyingine. Halafu akasema, "Idi Mosi nitaonyesha kwa rili, filamu kamili, nyimbo zote, kama alivyokuwa akifanya Mjomba. Idi Pili nitaonyesha filamu ile ile kwa video, bila nyimbo. Nyinyi wote mtakuja siku zote mbili. Kisha mniambie."

"Na wewe utasikiliza?" akauliza mama wa viazi.

"Nitasikiliza, mama."

"Na Jumapili yetu?"

"Tuanze na Idi kwanza."

Siku tatu zilizobaki sikulala vizuri. Nilitia mafuta mnyororo, nikabadilisha mpira wa nyuma, nikafunga kengele mpya. Mke wangu akaniuliza kama naenda kuoa.

Idi Mosi thieta ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Chini wanaume na familia; juu roshani, wanawake tupu, nguo mpya, udi, asumini, kelele. Makadara kulikuwa na bembea na wauza mabuyu na watu kama mchanga, na mimi napita katikati yao na kengele yangu, "Pisheni, sinema! Pisheni, sinema!" na watu wananipisha. Wengine wananipigia makofi. Rili ya kwanza ikafika mapema. Ya pili pia. Nyimbo zikapigwa, watu wakasema "Tena", wakapewa. Nikiingia na mkebe nilikuwa nikimwona karani amekaa safu ya tatu, anaimba. Nikajua tumeshinda.

Ya tano nikaileta. Nikaenda kuchukua ya sita, ambayo ndiyo ya harusi. Wimbo wa harusi ndio uliowaleta watu. Kule thieta ya pili fundi wa mashine alikuwa ameletewa sinia la biriani la Idi, na ili apate nafasi ya kuliweka alikuwa ameisogeza mikebe. Mimi nikafika, nikachukua mkebe ulio karibu na mlango. Namba yake ilikuwa imenitazama usoni, nyekundu, kubwa kama mkono. Sikuitazama. Tangu siku Meneja alipoziandika nilikuwa nimeapa sitazisoma. Mimi ni mtu wa Mzee, sisomi namba za Meneja. Nikafunga mkebe, nikaondoka kama upepo.

Niliposhuka kwenye baiskeli, nikampa fundi wetu wa mashine mkebe, nikasimama nyuma ya pazia la mlango nipumue. Nikaona pale mbele bwana harusi yuko jela, ana ndevu mpaka kifuani, na dakika moja iliyopita alikuwa akichagua kilemba.

Halafu sauti ya karani kutoka safu ya tatu: "Jamani. Amefungwa kabla ya kuoa?"

Thieta nzima ikapasuka. Vicheko, miluzi, watu wanapiga viti, mtu mmoja anauliza harusi imehamishiwa wapi. Taa zikawashwa. Meneja akashuka kutoka chumba cha mashine na mkebe mkononi, akanionyesha namba. Saba.

Nilitaka ardhi inimeze. Siku ya Mzee, mbele ya watu wote, na aliyeiharibu ni mimi, kwa ukaidi wangu tu. Nilimwachia mkebe ule, nikarudi kwenye baiskeli. Sijawahi kukanyaga pedali namna ile, wala sitakanyaga tena.

Yaliyotokea nyuma yangu nilihadithiwa baadaye na kila mtu, na kila mtu kwa namna yake, lakini jambo lenyewe ni moja. Watu hawakuondoka. Fundi cherehani alisimama mbele, akaanza kueleza rili ya sita kwa maneno: mama wa bi harusi anaingia, amevaa nyekundu, mjomba mbaya yuko mlangoni. Wakamsahihisha. "Si nyekundu, ni ya manjano." Alipofika kwenye wimbo, sauti yake ikakwama, maana Kihindi hakujua. Karani wa reli, mtu wa Meneja, akasimama pale safu ya tatu, akauanza wimbo yeye. Na juu, wanawake wakaupokea. Wote, pamoja na mama wa viazi, wakipiga makofi na vigelegele, wimbo mzima tangu mwanzo mpaka mwisho, taa zinawaka na pazia la sinema liko tupu.

Nilirudi nikakuta mlango uko wazi na sauti inasikika mpaka barabarani. Nilidhani wamepata rili nyingine.

Meneja alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono mifukoni, anawatazama wanawake kule juu. Nikampa mkebe. Safari hii niliisoma namba, nikaisoma kwa sauti: "Sita." Akauchukua mwenyewe akapanda ngazi. Wimbo ukaonyeshwa, wakauimba tena juu ya wimbo wenyewe, na ulipokwisha thieta nzima ikasema "Tena". Ukarudishwa. Mara mbili.

Usiku umeshaingia, watu wametoka, Meneja akaniita.

"Ulisahau namba?"

"Sikusahau. Sikuitazama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni yako."

Alicheka kwa muda mrefu, akafuta macho. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayaheshimu, kwa sababu hakuyapaka sukari. "Nyimbo hazitakatwa tena. Jumapili ya wanawake itarudi. Lakini baiskeli itasimama, bwana, hilo sikudanganyi. Hizo nakala zenyewe haziletwi tena kama zamani. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Nikainama, nikaanza kufuta mnyororo wa baiskeli.

"Pale mlangoni pana kibanda kitupu," akasema. "Watu wameimba wimbo mmoja mara nne leo. Wauzie nyimbo."

Nilikataa. Nilimwambia mimi si mchuuzi. Siku ya tatu nikaenda kumwomba ufunguo.

Idi Pili video ilionyeshwa na nyimbo zote. Picha ilikuwa hafifu, na karani alikuwa wa kwanza kulalamika. Mimi nikaanza na kanda chache za nyimbo za filamu juu ya meza iliyokopwa kwa fundi cherehani. Fundi mwenyewe hakunisemesha wiki mbili. Alisema nimemuuza Mzee. Wiki ya tatu akaja, akasimama mbele ya meza yake, akauliza kama nina wimbo wa harusi. Nikampa. Akasema, "Lakini Mzee ndiye aliyeanza." Nikamwambia, "Nani alikataa?"

Thieta ilifungwa kabla ya miaka ya tisini kwisha, na sasa chini wanauza viatu. Ubishi haujafungwa. Karani amestaafu, lakini akija mjini hukaa palepale barazani, na mimi huagiza kahawa, na tunaanza: Mzee, Meneja, Mzee, Meneja. Mimi bado ni mtu wa Mzee. Lakini nilijengewa maisha na Meneja, na ukweli huo siuli na kashata nikaumeza.

Leo nina nyumba ya mawe Mji wa Kale, ghorofa moja, hati kwa jina langu. Nina maduka mawili Makadara, moja la redio na simu, moja la vitambaa analoliendesha binti yangu. Nina viti sita vya thieta, vile vipya vya Meneja, viko ukumbini kwangu na havina kunguni. Nina baiskeli ile ile, kengele inalia. Nina mkebe mmoja wa bati wenye namba sita kwa rangi nyekundu; mke wangu hutia kachiri za muhogo ndani.