Dawa ya Uchovu Inataka Mkeka

Ninyi vijana mtakaosoma haya, mnaopenda kunywa dawa mkiwa mmesimama, kaeni kwanza. Nitasema mara moja.

Dawa ya uchovu ya kwetu Kasongo ni gome la mti. Mama yangu alinifundisha kulichemsha na tangawisi mpaka maji yawe mekundu. Mgonjwa anakunywa, makapi tunayafunga kwenye goti lililovimba kwa jani la mgomba. Lakini nusu ya dawa ni mkeka. Aliyekunywa analala. Hashiki jembe, hateki maji, mpaka aweze kuchuchumaa mwenyewe bila kushika ukuta. Kwa sababu dawa hii inaondoa maumivu kabla ya kuondoa ugonjwa. Anayeinuka mapema anajidanganya.

Kitinda mimba wangu alikuja kutoka Salamabila, kwenye mashimo ya dhahabu, magoti yamevimba kama vibuyu. Nikampikia. Kesho yake, alipoona mguu unakunjika, akaanza kuvaa viatu. Nikamwambia alale. Akacheka.

"Mama, mkeka ni wa wazee. Kule shimo haingojei mutu."

Akaenda. Mke wake, ambaye alikaa kwangu, akawa anachemsha ile dawa na kumtumia kwa bidoni, dumu la plastiki, mwenye pikipiki anaipeleka. Nikasikia na wenzake wanakunywa asubuhi kabla ya kushuka, wanataniana kwamba wanachimba kwa nguvu za bibi kizee. Nilimgombeza mkwe wangu. Akanijibu kwa heshima kwamba mume ameomba, atamnyima namna gani?

Halafu sururu ikamkata mwanangu kisigino. Akaendelea kusimama ndani ya maji machafu. Mguu ukivimba, anakunywa. Uvimbe ukishuka, na yeye anashuka. Hivyo hivyo, mpaka dawa ikakosa kazi. Walimleta juu ya pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva, na harufu ilifika mlangoni mbele yake. Dokta alisema mguu umekwisha kufa. Wakaukata chini ya goti.

Siku aliyotoka hospitali hakuna aliyepiga vigelegele. Alikuwa amekaa kwenye kiti, anatazama ukuta, mwenye pikipiki akapiga honi nje. Bidoni tupu mkononi. Wenzake wa shimo wanauliza dawa. Na kweli, mkwe wangu alikuwa amekwisha kubandika sufuria. Alisema wale ni ndugu, ndio waliomtoa shimoni mume wake.

Nikaimwaga sufuria yote uani. Nikawaita watu wa nyumba, mkubwa na mdogo, na mwenye pikipiki naye asikie.

"Dawa haitoki tena ndani ya nyumba hii. Anayeumwa aletwe. Atakunywa hapa, atalala hapa, na ataondoka nikisema mimi."