Chai ya Fundi wa Maji Ndani ya Mashine ya Nuru

Aibu hii naiandika mwenyewe kabla rafiki yangu Wambui hajaisimulia kwa chumvi, ingawa sioni angeongeza chumvi ipi, maana shule nzima imekwisha kunicheka, hata wapishi.

Jana wazazi walikuja kuona kisima kikipimwa. Walikichimba wenyewe, kina mama kwa zamu, miezi minne, mama yangu akiwa mmoja wao, ili tuache kuteka maji mtoni. Ikabaki fundi wa maji kutoka Ruiru, Bwana Njoroge, apime chuma kilichomo, kwa sababu kikizidi kisima kinafukiwa. Akaja shuleni kwetu Thika na sanduku jeusi, taa upande huu, jicho la umeme upande ule, betri ya gari kando ya meza. Maji yanatiwa dawa, kama kuna chuma yanageuka rangi ya chungwa, kisha kichupa kinawekwa mbele ya taa. Rangi ikikolea nuru inapita kidogo, na mshale unaonyesha kiasi cha chuma. Niliipenda mashine ile mpaka nikajisahau nikauliza maswali mawili (mimi, nisiyefungua mdomo darasani!), naye akanichagua nikae nayo.

"Kifute kichupa, binti," akasema akitoka kuwapokea wazazi. "Alama ya kidole inazuia nuru."

Nikakifuta. Nikakifuta tena. Mara ya tatu kikaniponyoka, maji yote ya kisima, yaliyokwisha kutiwa dawa, yakaenda mezani, kichupa kizima bila ufa. Hapo ningesema tu, "Samahani, nimemwaga." Maneno mawili! Lakini viatu vyake vilikuwa vikisikika mlangoni, na karibu na mkono wangu kilikuwa kikombe chake cha chai ya rangi, nusu, imepoa, rangi ile ile kabisa (niliona hivyo mimi), basi nikaimimina ndani ya kichupa, nikasimama kama mtu anayesali.

Wazazi wakajaa. Bwana Njoroge akawasha taa, mshale ukaruka mpaka mwisho ukagonga, tik! Akalipiga sanduku kofi. Tik!

"Kwa chuma hiki," akasema polepole, "mngeweza kufua majembe."

"Haiya!" mama mmoja akalia. "Na mgongo wangu huu?"

Mwalimu Mkuu akavua miwani. "Basi kifukiwe."

 Halafu nikamwona mama yangu, viganja vyake bado vina malengelenge, anajifunga leso kiunoni. "Kama ni kufukia tufukie leo," akasema, "kesho tuanze kingine. Majembe yako wapi?" Na kina mama wakaanza kutoka, Ngai wangu, wakatoka kweli, na mimi bado nimesimama kando ya mashine.

Bwana Njoroge naye, kwa huzuni, akanyoosha mkono kuchukua kikombe, akakitazama, akakipindua. "Ni nani amekunywa chai yangu?"

"Haijanywewa," nikasikia mtu akisema, na mtu huyo nilikuwa mimi. "Iko kwenye mashine."

 Wambui, aliyekuwa akichungulia dirishani, akaanza kucheka, hiii, kama kuku anayetaka kutaga, na chumba kizima kikamfuata, Mwalimu Mkuu akajificha nyuma ya kitambaa chake cha mkono, na Bwana Njoroge akacheka mpaka akakalia betri. Mimi nikakimbia uani kuwarudisha kina mama, nikipiga kelele, "Ni chai! Ni chai tu!" na wao wakadhani naita watu wakanywe, wakarudi mbio.

Maji mapya yakatekwa, yakatiwa dawa, mshale ukasogea kidogo tu ukatulia. Kisima kizuri. Kina mama wakapiga vigelegele vitano, kama vya mtoto wa kiume anapozaliwa.

Mama akanishika sikio, akicheka na kutoa machozi. "Wanjiru, sisi tumetoboa mwamba, wewe umeshindwa kusema umemwaga maji?"

 Asubuhi hii uji umenimwagikia mezani, nikasimama nikatangaza mbele ya wasichana wote kabla haujafika ukingoni, na nitafanya hivyo maisha yangu yote, hata likiwa tone moja.