Sácalo, Yaani Mtoe

Kihispania nilifundishwa na sista Mhispania wa misheni kwetu Kagera, aliyechoka kuniona namjibu kwa ishara. Alianza na amri. Dámelo, nipe hicho. Tráemelo, niletee hicho. Sisi anayetendewa tunamwingiza katikati ya kitenzi. Wao humgandisha mkiani, na ile "lo" yao haikuambii kama ni mtu, kisu au mkungu wa ndizi. Wakati huo niliona ni mchezo mzuri.

Baadaye nilipata ukarani wa stoo katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, na kila alipokuja mnunuzi kutoka Hispania niliitwa kutafsiri. Harufu ya mle ndani sikuizoea hata siku moja: damu ya samaki na klorini, inakaa kwenye nywele hata ukisuka upya.

Siku hiyo mnunuzi alisimama kwenye meza ya mzee mmoja Msukuma, mkazi wa Usagara, mwenye mkono mwepesi kuliko wote katika kuchuna minofu. Mbele yake palikuwa na sangara aliyeoza, tumbo limelegea, ute wa kijani unamtoka. Mzee alikuwa amemsogeza pembeni ili amtupe. Mnunuzi akaziba pua.

"Sácalo de aquí."

Msimamizi wa wachunaji akaniuliza, "Anasemaje?"

"Mtoe hapa," nikasema.

Samaki kwetu ni kiumbe, husemi "kitoe". Sentensi yangu ilikuwa sahihi kabisa. Msimamizi hakumtazama samaki. Alimshika mzee kiwiko.

"Umesikia. Vua aproni."

"Nasema samaki," nikamwambia.

"Nimeshaelewa," akajibu, huku anamtabasamulia mgeni. Mzee alikuwa amekataa kumtolea kwa siri mabondo, vile vifuko vya tumboni mwa sangara vinavyouzwa ghali, na sasa msimamizi alikuwa amempata.

Mzee alivua aproni, akavua na magambuti ya kiwanda, akapita mbele yetu peku, akikanyaga magamba na maji ya damu. Nikamweleza mgeni kilichotokea. Alishangaa. "Explícaselo," akasema, mweleze hilo. Nikamweleza. Msimamizi akasema mambo ya wafanyakazi si ya wageni, nitafsiri habari za barafu. Nikatafsiri habari za barafu.

Mchana tulikula pamoja hotelini, mgeni, msimamizi na mimi. Msimamizi alifyonza kichwa cha samaki, mafuta yakamchuruzika kidevuni, akajifuta kwa mkono uleule uliomshika mzee. Nilisogeza sahani yangu mbali naye. Lakini nilikula, nikamaliza.

Jumapili nilitoka kanisani nikaenda Usagara. Nilimkuta mzee uani, mikono imebabuka, maganda ya ndimu yanaelea kwenye beseni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Kaa mbali kidogo. Mzungu kasema nanuka."

"Hakusema hivyo. Alimsema samaki."

Akakausha mikono polepole.

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilisema, mtoe hapa."

"Samaki ni neno refu sana?"

Nilikaa kwenye kigoda chake, nikaona kinyaa, na safari hii kinyaa kile hakikuwa cha kumwonea mtu mwingine.

Jumatatu nilimwandikia meneja barua, nikaeleza neno kwa neno. Zilipita wiki mbili ndipo mzee akaitwa arudi. Alikataa. Alisema hawezi kuingia tena mahali alipotembezwa peku mbele ya watoto wa watu. Sasa yuko Magu, analima mpunga na mwanawe. Mimi niligoma kutafsiri, wakaniacha stoo.

Msimamizi bado yupo. Wiki iliyopita tulikutana mtaa wa Mirongo, akanipungia mkono kama rafiki. Nami nikampungia.