Bakuli Lenye Kitako Kipana

Sijawahi kuelewa raha ya mtu kupika, kulala na kwenda haja katika chumba kimoja, na chumba chenyewe kiwe na magurudumu. Mume wangu aliielewa. Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, mzungu mzee ambaye mume wangu alikuwa dereva wake pwani ya kusini alirudi kwao, akamwachia karavani lake: gari refu, la rangi ya maziwa yaliyochacha, lenye vitanda, jiko la gesi, kabati la vyombo, na nyuma ya pazia choo cha ndoo. Aliliegesha mbele ya nyumba yetu Likoni, na tangu siku hiyo chakula hakikunishuka vizuri.

Lilikuwa likinuka. Mafuta yaliyokaangiwa sijui nini, zulia lililolowa likakaukia ndani, na chini ya hayo yote kitu kingine, kama blanketi lililonyeshewa. Kwenye viti nilikuta nywele fupi fupi za manjano zimenasa. Nikamwuliza.

"Wallahi ni zulia hilo linapukutika," akasema, akaendelea kupangusa kioo.

Alikuwa ameshaamua. Jumamosi tungeondoka, yeye na mimi, miezi mitatu, hadi Kisumu na kurudi. Sikutaka, na nilimwambia asubuhi na jioni mpaka akaacha kunijibu. Lilibaki jambo moja tu. Shangazi yake wa Jomvu Kuu ndiye aliyemlea tangu akitambaa, na mume wangu hakuwa mtu wa kufunga safari wala kuoa bila radhi yake. Nami shangazi nilimjua: mwanamke aliyekuwa akitia udhu upya akishuku tu kwamba tone la maji ya mtaro limemrukia. Nikaweka matumaini yangu yote kwake. Akilinusa tu gari lile, safari imekwisha.

Alhamisi tukatoka. Tulikuwa na mtungi wa gesi wa kujaza na magodoro mawili ya kununua Changamwe, kisha twende Jomvu Kuu kuaga. Mume wangu alijivika kamera shingoni. "Leo tunatembea kama watalii," akasema, mtu aliyezaliwa hapo hapo.

Kwenye feri watu walituzunguka. Mama mmoja akaingiza kichwa dirishani, akatazama jiko, akatazama pazia. "Na choo mnaenda humu humu?" Nikamwambia ndiyo. Akageuka akatema mate baharini, na mimi nikamwona ana akili timamu.

Kibarani mume wangu akasimamisha gari ili anipige picha. Nyuma yangu kulikuwa na ghuba, ni kweli, lakini kati yangu na ghuba palikuwa na jaa lote la takataka za Mombasa, likifuka moshi, kunguru wakigombania utumbo. "Cheka basi," akasema. Picha hiyo ninayo mpaka leo. Nimeziba pua kwa mtandio, na nzi mmoja ametua kwenye paji langu la uso.

Changamwe ilinuka mafuta ya mitambo kama kawaida yake, hilo nililizoea. Nisilolizoea ni muuza magodoro, aliyeingia na viatu vyake vyenye matope kupima vitanda, akajilaza kimoja baada ya kingine, kisha akaomba aonyeshwe choo. Akaonyeshwa. Akakitumia. Mume wangu alifurahi kama mtu aliyesifiwa mtoto, na mzigo wa yule bwana tukaenda nao Jomvu Kuu, ukichapachapa ndani ya ndoo kila tulipoingia shimo.

Katika kabati la gari lile kitu kimoja tu kilikuwa kimenipendeza: bakuli la kauri la samawati, zito, kitako chake kipana kuliko mdomo. Nikasema wazungu wana akili, wametengeneza bakuli lisilopinduka gari likienda. Asubuhi ile nilikuwa nimepika tambi za sukari, kwa tui zito na iliki, kwa sababu shangazi alizipenda. Nikazitia humo.

Gari halikuweza kuingia kwenye kijia cha nyumbani kwake, na shangazi kwa magoti yale hakuweza kutoka mpaka barabarani. Basi hakulinusa. Mume wangu alibaki nje kuwaonyesha wanaume vitanda vyake, nikaingia peke yangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Njoo, keti. Mumeo yu wapi?"

Alikula tambi zote. Alikuwa amebakiwa na meno machache, kwa hiyo alikula polepole, na mwisho akalipangusa bakuli kwa kidole akakilamba. Akaligeuza geuza. "Niachie chombo hiki. Mkirejea, inshallah, nitawapa kina kitu ndani." Akainuka akalipeleka jikoni mwenyewe. Mume wangu alipoingia, akapiga magoti, shangazi akamwekea mkono kichwani akamwombea dua ndefu. Radhi ikapatikana. Nilitoka nimenuna.

Tulipokuwa kwenye foleni ya feri kurudi Likoni, rejeta ikachemka. "Nipe lile bakuli la samawati nitie maji," akasema.

"Nimemwachia shangazi. Nilimpelekea tambi humo."

Akaketi kwenye ngazi ya gari. Nikajua kabla hajasema, kwa sababu ya zile nywele. Mzee yule alikuwa na mbwa, mkubwa, wa manjano, aliyekuwa akisafiri naye. Bakuli lilikuwa la huyo mbwa. "Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimtilia nyama," akasema. "Lakini nimeliosha kwa sabuni, mara nyingi."

Sabuni! Kila mtoto wa madrasa anajua chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, na moja katika hizo ni kwa mchanga. Nikatapika hapo hapo kwenye lami, mbele ya foleni nzima. Nilipoinua kichwa yeye alikuwa na neno moja tu. "Usimwambie. Ataitengua radhi."

Hakusema maskini shangazi. Alisema radhi. Nimeona jaa la Kibarani na nimesafiri na ndoo ya muuza magodoro, lakini siku ile hakuna kilichonichefua kama neno hilo.

Sasa nilikuwa na nilichokitaka. Sentensi moja tu, na safari ingekufa. Ijumaa asubuhi nikaenda Jomvu Kuu peke yangu kuisema.

Shangazi alikuwa jikoni. Bakuli lilikuwa mbele yake, limejaa kaimati zenye shira, za moto. Tangu jana hakutumia chombo kingine, akaniambia, hata uji wa alfajiri alinywea humo, kwa kuwa kitako kile hakitetemeki mkononi mwake. "Nilitaka kumtuma mtu Likoni kabla hamjaondoka. Sijarejesha chombo cha mtu kitupu maishani mwangu, na sianzi na chako. Kula."

"Shangazi," nikasema.

"Kula kwanza zisipoe."

Nikamtazama. Asiyejua hana dhambi, dhambi ilikuwa yetu sisi wawili. Nikimwambia, nitakuwa nimeitoa kwetu nikamtia yeye kinywani, na hatakula tena kwa raha katika siku alizobakiwa nazo. Nikachukua kaimati moja. Nikameza. Nikala ya pili na ya tatu, akinitazama, nikamwambia tamu.

Kisha nikaomba nimwoshee vyombo. Kaimati zilizobaki nikazifunga kwenye karatasi za kwenda nazo, nikavitoa vyombo vyote uani, nikavisugua mara saba, mara moja kwa mchanga. Alicheka kwenye kibaraza mpaka akakohoa. "Likoni sabuni imeadimika?" Nikamwambia ndivyo tuoshavyo kwetu siku hizi. Nilipomaliza nikajificha nyuma ya karo la kufulia nikajisugua kinywa vilevile, mchanga ukanikata ufizi.

Nyumbani nililiweka bakuli kwenye kiti cha dereva. "Radhi ya shangazi yako unayo," nikamwambia mume wangu. "Yangu huna."

Jumamosi aliwasha injini akaningojea mpaka adhuhuri. Halafu akashusha godoro moja, akaliacha barazani, akaenda zake. Nililala juu yake miezi ile mitatu, na halikuwa na harufu yoyote.