Kanga Iliyolowa Ndungu

Wiki iliyopita, kwenye benchi la zahanati moja Ndungu, bibi alimpakata mjukuu aliyekuwa akiharisha na kutapika tangu jana yake. Macho ya mtoto yalikuwa yamedidimia, na alilia bila machozi.

"Haya ni meno ya plastiki, ndiyo yanayomharisha. Apelekwe akang'olewe," bibi alisema.

"Hang'olewi, mama," alijibu mkwewe, akimnywesha mtoto maji ya ORS kwa kijiko. "Ni yale maji ya mfereji aliyokunywa bila kuchemshwa."

Bibi akanuna. Kijiko kikaendelea hadi adhuhuri, bibi aliposhtuka.

"Kanikojolea huyu."

Muuguzi akaigusa kanga, akatabasamu. "Maji yamerudi mwilini, bibi."

Nimeona watu wakionyesha vikombe na medali. Bibi yule aliwaonyesha watu wa benchi zima kanga yenye mkojo, na meno hakuyataja tena.