Sufuria ya Jirani

Nianze na ujinga yenyewe: nilipiga sufuria saa nane ya muchana, juu ya kushitua papa, baba yetu.

Mutu wa Beni akisoma hapa, tayari amenitukana. Kwetu Mulekera, sufuria ikilia vile, kila nyumba inajua adui ameingia. Unabeba mutoto, unakimbia. Nilijua. Mais papa alikuwa analala kwenye kiti, kinywa wazi kama samaki ya ziwa kule Kyavinyonge, na mimi batoto ya darasa wananingojea kila asubui niwachekeshe.

Papa ni askari. Walimupa congé, mapumziko, akatoka mbele kwenye vita, upande wa Kayna. Tangu afike aliongea kidogo tu. Na nyumbani hakukuwa sufuria hata moja: mama alisema zimeenda Butembo, binamu anaoa, wamama wanaazimana vyombo. Tulikuwa tunapikia ndani ya chungu cha udongo. Donc nikaomba sufuria kwa jirani, eti ya kuchemusha maji. Nikachukua mwiko, nikasimama nyuma ya kiti, nikapiga.

Nilingojea aruke, nicheke.

Hakuruka. Alishuka chini kimya, akavuta mudogo wangu wa miaka mitatu aliyekuwa anacheza pale, akaingia naye chini ya meza, akamulalia. Akamufunga kinywa na mukono. Kinywa na pua.

"Papa, ni mimi. Nilikuwa nacheza."

Aliniangalia, hakunijua. "Kanga monoko," akanong'ona, Lingala ya askari: funga kinywa.

Miguu ya mutoto ilikuwa inapiga simenti. Kisha ikapunguza kupiga. Nilivuta ule mukono na nguvu yangu yote, haukutikisika.

Mama akaingia. Hakupiga kelele. Alilala chini, shavu kwenye simenti, uso kwa uso na papa, akasema polepole: "Baba ya batoto, wamepita. Wameenda mbali. Tosha mukono."

Mukono ukatoka. Mutoto akavuta pumzi, akalia. Papa akaanza kumupangusa kamasi na shati yake, akapangusa, akapangusa, hata pale palikuwa pamekauka.

Inje majirani walikuwa tayari barabarani, magodoro kichwani, mumoja na kuku chini ya kwapa. Mama akaenda kuwaambia warudi. Aliporudi, akaokota sufuria, akaigeuza, akaangalia chini kama kuna alama yake. Nilitayarisha shavu kwa kofi.

"Butembo hakuna ndoa," akasema. "Nilizificha zote siku ile baba yenu alifika. Hii uliitoa wapi?"