Bwana Thibitisha na Njia Zake Mbili

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa halitumiki tena kazini. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, wote walimwita Bwana Thibitisha, na yeye, kwa kuwa masikio yake yalizoea kusikia sifa hata penye kejeli, alidhani wanamheshimu. Alikuwa mkuu wa mawasiliano wa kampuni ya maji. Si mkuu wa maji, tafadhali. Maji yalikuwa na wakuu wake wenye matope kwenye viatu. Yeye alisimamia maneno yanayohusu maji: nani kamwambia nani afungue vali, kwa chombo gani, na kama kweli aliyesema ndiye aliyesema.

Cheo hicho alikipata kwa msaada wa mwizi. Zamani, alipokuwa fundi wa redio tu, tapeli mmoja alipiga simu kituo cha pampu, akaigiza sauti ya mkurugenzi pamoja na kikohozi chake, akaamuru vali ya nyuma ifunguliwe. Mwendesha pampu akafungua. Malori ya watu wasiojulikana yakajaza matangi mchana kweupe yakaondoka, na dereva mmoja hata akapunga mkono kuaga. Kampuni nzima ilitahayari. Ndipo bwana wetu alipotunga kanuni yake: amri iliyokuja kwa njia moja si amri. Ukiambiwa kwa redio, subiri simu iseme hivyo hivyo. Ukiambiwa kwa simu, kata, halafu piga wewe mwenyewe kwenye namba nyingine unayoijua. Haki yake tumpe, kanuni yenyewe haikuwa ya kipumbavu. Upumbavu ulikuwa wa mtunzi, ambaye tangu siku hiyo hakuwahi tena kuwaza jambo jingine.

Akajenga njia. Kulikuwa na redio ya mlingoti, ile ya kubonyeza ndipo useme. Kulikuwa na simu ya mezani, na laini ya simu ya mkononi, na waya wa intaneti uliofukiwa chini ya barabara. Wageni wakija aliwatembeza kwenye chumba chake chenye baridi ya kiyoyozi, akawaonyesha taa za kijani zinazopepesa. "Moja ikifa, tatu ziko hai," alikuwa akisema, huku akijipiga kifua. Hakuna mgeni aliyejisumbua kuchungulia nyuma ya kabati. Wangechungulia wangeona kwamba njia zote nne zilikula umeme kwenye soketi moja, na kwamba mhasibu wa chumba cha pili alikuwa amechomeka birika lake la chai hapo hapo. Siku birika lilipopiga shoti, njia zote nne zilizimika kwa pamoja, kwa adabu, kama watu waliosimama kumpokea mgeni rasmi.

Siku hiyo hiyo bomba kubwa lilipasuka karibu na soko. Mpita njia alikimbia hadi kituo cha pampu kutoa habari, suruali imelowa mpaka kiunoni. Lakini mdomo wa mtu aliyelowa ni njia moja tu, na kanuni ni kanuni. Mwendesha pampu akasubiri njia ya pili, na wakati akisubiri, maji yakasomba vitunguu vya watu, ndala, meza na mbuzi mmoja aliyekuwa hana kesi na mtu. Kwenye kikao cha kuulizana, Thibitisha alisimama bila haya hata chembe.

"Mfumo umefanya kazi yake," alisema. "Leo haikupita amri ya uongo hata moja."

Ni kweli. Wala ya kweli haikupita. Mkurugenzi akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, kwa sababu kukiri kwamba hujaelewa mbele ya taa nyingi kiasi kile kunahitaji moyo. Mhasibu alipewa onyo kwa ajili ya birika, na mambo yakaishia hapo.

Mtu wa namna hiyo angeiacha kanuni ofisini? Aliibeba mpaka nyumbani. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mpole mwenye sauti iliyozoea kurudia jambo. Akimpigia mumewe kumwomba apitie mkate, simu ilikatwa, kisha ujumbe ukaingia: "Ni wewe uliyeomba mkate?" Akijibu ndiyo, aliulizwa mkate wa aina gani, kuhakikisha kwamba anayejibu ndiye aliyeomba. Mwishowe mwalimu akawa ananunua mkate mwenyewe, na mume akahesabu huo kuwa ushindi wa usalama.

Aliyebaki kufundishwa alikuwa mama yake. Bibi huyo aliishi peke yake upande wa pili wa mji, vyumba viwili, bafu uani, ukuta kwa ukuta na fundi cherehani mwenye mdomo mwingi. Alikuwa na kisimu chake cha vitufe chenye tochi, na hakuwa na shida nacho. Mwanawe akamletea simu kubwa ya kioo, akamwingiza kwenye kundi la familia, akaketi naye kumpa somo.

"Mama, ukinipigia kwa hiyo ndogo ukiwa na jambo la haraka, mimi nitakata. Halafu nitakupigia kwenye hii kubwa. Ukipokea, hapo najua ni wewe."

"Kwani sauti yangu huijui?"

"Sauti inaigizwa, mama."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kusema. Nani wa kuniigiza?"

"Matapeli, mama. Hujui dunia ilivyo sasa hivi."

Mama akamtazama kama anavyotazamwa mtoto anayedai kaona jini chooni, akasema haya, baba, nimesikia. Mwana alipoondoka, akaikunja ile simu kubwa ndani ya kitambaa safi, akaiweka chini kabisa ya kabati, isije ikaharibika. Chaji yake iliisha huko huko.

Siku yenyewe ilianza kwa fahari. Kampuni ilikuwa imeandaa semina juu ya mawasiliano ya kuaminika na salama kwa njia nyingi, na msemaji alikuwa nani kama si yeye. Wakuu wa vituo vyote walijaa ukumbini, maji ya chupa mezani, picha kubwa ukutani zenye mishale inayokwenda na kurudi. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia kwenye utamu wa kanuni yake simu ilipoita. Kwenye kioo iliandikwa Mama. Mtu mwingine angetoka nje akapokee. Bwana Thibitisha alitabasamu, akabonyeza sauti itoke kwa nguvu, akaisogeza simu kwenye kipaza sauti. Somo, alidhani, limejileta lenyewe.

"Mwanangu," sauti ikajaa ukumbi mzima, "nimeanguka bafuni. Mguu hauinuki. Njoo, baba, naumia."

Watu wakaacha kunywa maji. Yeye akainua kidole, kuwaambia watulie.

"Sawa, mama. Kata, nitakupigia kwenye ile kubwa."

"Ile kubwa iko kabatini, mimi niko chini hapa, sitaweza..."

Akakata. Akapiga ile kubwa mbele ya macho ya wote, na mwanamke wa mtandao akawajulisha kwamba namba haipatikani kwa sasa.

Tuseme ukweli hapa, maana yeye hakuusema. Aliijua ile sauti. Aliijua kama anavyoijua njaa. Lile neno "baba" lilikuwa lile lile alilokuwa akiitwa zamani alipolala na homa, na kwa kitambo kidogo miguu yake ilitaka kutoka mbio. Lakini ukumbi ulikuwa umemkodolea macho, mishale yake iko ukutani, na kanuni ile ndiyo iliyompa kiti anachokalia. Akakohoa, akachagua kanuni.

"Mmejionea wenyewe," alisema. "Sauti ile ile. Hata kilio wameweka. Lakini njia ya pili haijathibitisha. Hao ni matapeli, tena wa hali ya juu."

Baadhi wakapiga makofi. Mkuu mmoja wa kituo, mtu mzima aliyekaa nyuma karibu na mlango, hakupiga.

"Mkuu, si uende tu ukamwone mama?" aliuliza.

"Hicho ndicho wanachokitaka," akajibu Thibitisha, na ukumbi ukacheka.

Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu, akaifungia namba ya mama yake isiweze kumpigia tena, akaandika onyo kwenye kundi la familia, akalituma pia kwa ujumbe wa kawaida mtu mmoja mmoja: namba ya mama imetekwa na matapeli, msipokee, msijibu. Mfumo ule ambao haukuwahi kufikisha habari ya bomba ukafikisha huu uongo kwa kila mtu, kwa wakati, bila hitilafu. Mjomba akashukuru. Dada yake akaweka mikono ya dua. Mama alipompigia binti huyo kutoka pale sakafuni, simu iliita mpaka ikachoka. Akampigia kitinda mimba, na huyo alipokea.

"Wezi wakubwa nyie!" alifoka kabla mama hajafungua mdomo. "Mwacheni mama yetu!" Akakata, akaenda kujisifu kwenye kundi.

Bibi akakitazama kisimu chake. Watoto aliowazaa, aliowabeba mgongoni mmoja baada ya mwingine, wote walikuwa wamemkana kwa ajili ya kumlinda. Alilia kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akashika kopo la kuogea, akaanza kuligonga kwenye ndoo ya bati.

Fundi cherehani alisimamisha mashine yake. Akasikiliza, akaguna, akatoka na mkasi mkononi. Aliita kwenye uzio, akajibiwa kwa kopo, akaita watu. Muuza mkaa akang'oa komeo kwa nondo, wakamwinua bibi kwa shuka, wakampakia kwenye pikapu ya jirani aliyekuwa anaosha gari. Hakuna aliyemwuliza neno la siri. Njiani fundi alimpigia mkuu wa mawasiliano kwa simu yake mwenyewe, na alipoona hapokei, akamwandikia: "Mama yako kavunjika, tunampeleka hospitali, mimi jirani." Bwana Thibitisha akausoma kwenye mapumziko, mkononi ana kikombe cha chai.

"Genge hilo," aliwaambia waliomzunguka. "Wamehamia njia ya pili. Wajanja kweli." Zingatia kwamba kwa kanuni yake mwenyewe, habari hiyo sasa ilikuwa imekuja kwa njia mbili. Lakini kanuni inapombana aliyeitunga, huwa ana kanuni nyingine mfukoni.

Mkewe alilisoma onyo kengele ya mapumziko ilipolia. Hakufikiri sana. Kama namba ya mama mkwe imeibwa, alijiambia, nitampigia huyo mwizi nimsikie. Akapiga. Akapokea fundi cherehani, na nyuma yake mwalimu akasikia mlio wa machela na sauti ya mama mkwe ikiuliza kama mlango wa nyumba umefungwa. Akaaga shuleni akatoka. Alipita kwanza ukumbini kwa mumewe, akaenda moja kwa moja hadi mbele, vumbi la chaki bado liko kwenye vidole.

"Mama yuko hospitali," alisema. "Nyonga imevunjika."

"Umethibitisha?"

Hakukusudia. Neno lilitoka lenyewe, kwa mazoea, kama kwikwi. Mkewe alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakurudia alichosema. Akageuka akaondoka zake. Yeye akaanza kukusanya karatasi zake, akaziangusha, akaziacha, akamfuata mkewe mbio na kipaza sauti kikining'inia kwenye kola ya shati.

Wodini alimkuta mama yake amelazwa chali, mguu umevutwa kwa kamba yenye uzito, uso umesinyaa. Fundi cherehani alikuwa ameketi kwenye benchi na mkasi wake mapajani.

"Karibu, mkuu," alisema. "Sisi tumeshamthibitisha."

Bwana Thibitisha alipiga magoti kando ya kitanda. Alitaka kueleza habari za matapeli, za njia ya pili, za chaji, na kila alipoanza sentensi aliiona ilivyo mbaya kabla haijafika ulimini, akaimeza. Mwishowe alisema tu, "Nisamehe, mama." Machozi yalimtoka. Mama akampapasa kichwa, kwa sababu ndivyo akina mama walivyo, akamwuliza kama amekula.

Nesi akaja na faili lake, akauliza umri wa mgonjwa, akauliza kama ana shinikizo la damu, akaandika.

"Na kukitokea jambo, bibi, tumpigie nani?"

Mwana akainuka haraka. Akatoa simu zake zote mbili mfukoni, akafungua kinywa ili ataje namba zake.

"Mpigieni fundi cherehani," mama alisema. "Huyo hapo kwenye benchi."

Nesi akamtazama yule mwanamume aliyesimama na simu mbili mkononi. "Na huyu je? Si ndugu yako?"

"Huyu ni mwanangu," alisema mama, bila hasira, bado ameshika mkono wa shati lake. "Lakini wewe umeniuliza mtu wa kumpigia."

Nesi akaandika namba ya fundi.